Treni Zisizochelewa za Unyofu

Njia ya kwenda Unyofu sitaieleza, kwa sababu msomaji akiijua anaweza kushawishika kwenda. Inatosha kusema kwamba nilikwenda kwa hiari yangu na akili zangu timamu, na kilichonipeleka kilikuwa hasira.

Nilikuwa karani wa vikao. Kwa miaka thelathini na mmoja kazi yangu ilikuwa kuandika mihutasari: nani kahudhuria, nani katoa udhuru, kikao kimefunguliwa saa ngapi. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kuandika kikao kilichofunguliwa kwa wakati. Barua ilisema saa tatu. Mimi nilifika saa tatu kasorobo, nikapanga viti, nikakaa peke yangu ukumbini mpaka saa tano, wenzangu walipoanza kuingia wakicheka na kulaumu foleni. Walinishauri niandike tu "saa tatu" mambo yaishe. Sikuandika. Kama kikao kilifunguliwa saa tano na dakika kumi na saba, niliandika saa tano na dakika kumi na saba, na kwa ajili hiyo sikupendwa na mtu. Siku niliyostaafu, hafla ya kuniaga ilichelewa saa tatu nzima, na mgeni rasmi hakutokea kabisa. Basi niliposikia kwamba iko nchi ambayo treni zake hazijachelewa hata mara moja kwa miaka sitini, nilijiambia kwamba huko ndiko kwetu, nikafunga mzigo.

Unyofu ni jiji kubwa kuliko yote niliyoyaona. Watu wake hulala vitongojini, mbali, ng'ambo ya mabonde; kazi zao, shule zao na hospitali zao ziko katikati. Barabara zilikwisha kung'olewa zamani zikapewa reli. Kila asubuhi mtu wa Unyofu hupanda treni ya juu, inayopita kwenye madaraja marefu juu ya mabonde, mpaka stesheni ya Kiungo. Pale huteremka ngazi na kupanda treni ya chini, inayopita ardhini kama fuko, mpaka anakokwenda. Hakuna njia nyingine. Usipopanda treni, huendi.

Langoni walinipokea kwa heshima, wakaninywesha maji ya baridi, kisha wakaichukua saa yangu ya mkononi na kunipa stakabadhi. Niliuliza kosa la saa. Ofisa akanijibu kwa upole kwamba saa ya mtu mmoja ni maoni ya mtu mmoja, na nchi haiendeshwi kwa maoni.

Nilipangiwa kukaa kitongoji cha Matuta, nyumbani kwa Mzee Ngwali, mstaafu kama mimi, na mkewe Bi. Sikudhani, msukaji mikeka. Mzee Ngwali alikuwa Mshika Saa kwa miaka thelathini, na cheo hicho sikukijua mpaka asubuhi ya kwanza, aliponipeleka stesheni ya mtaani kwao nikaione kazi.

Tulisimama jukwaani pamoja na watu wengi. Juu ya jukwaa palikuwa na saa kubwa ya ukutani, na chini yake ngazi ya chuma. Treni ilitakiwa saa mbili na dakika kumi. Mshale ulipofika hapo, treni haikuonekana. Nikatabasamu moyoni, nikasema, aha, nimewakamata. Mara mtu mmoja aliyevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi akapanda ile ngazi akiwa na kulabu mkononi, akaushika mshale wa dakika kwa kulabu, akatulia. Watu wote wakatulia. Mimi nikafungua gazeti. Nililisoma lote, nikasoma na matangazo ya vifo, nikarudia tena kutoka mwanzo. Treni ikaja. Mtu yule akaondoa kulabu na kutangaza kwa sauti ya muadhini: "Treni ya saa mbili na dakika kumi imeingia saa mbili na dakika kumi!" Watu wakapiga makofi.

Nilidhani ni mzaha. Nikamtazama Mzee Ngwali, nikaona machozi ya fahari machoni mwake.

"Karani," akaniambia, "treni ina injini, ina mabehewa kumi na mawili, ina uzito wa tembo mia. Saa ni mshale mmoja wa bati. Kati ya viwili hivyo, mtu mwenye akili atarekebisha kipi?"

Akageuka kupiga makofi na wenzake.

Kadiri nilivyokaa ndivyo nilivyoona jinsi jambo lile lilivyoota mizizi. Kila mtaa hufuata saa ya stesheni yake, na kila ofisi, soko na hospitali hufuata saa ya mtaa. Stesheni ikishika saa, mtaa mzima umeshikwa. Nilitembelea shule moja nikakuta darasa la nne lina wanafunzi wenye ndevu, kwa kuwa mwaka wa masomo ulikuwa haujaisha. Nilimkuta mtu gerezani aliyehukumiwa miezi sita, amekwisha kung'oka meno kwa uzee, na amebakiza wiki mbili. Pale Kiungo, ambapo treni za juu na za chini zinakutana, kila upande una Washika Saa wake, kwa hiyo juu ya ngazi inaweza kuwa saa tatu na chini ya ngazi saa moja unusu. Tume iliundwa kuamua ni saa ngapi katikati ya ngazi. Ilikaa miaka kumi na mmoja, ikaazimia kwamba katikati ya ngazi hakuna saa, na kwa hiyo ni marufuku kusimama hapo.

Nilihudhuria pia kikao kimoja cha Baraza la Ratiba, kwa kuwa mvuvi haachi kutazama maji. Mlalamikaji alikuwa mwokaji mikate. Alisema mkate wake aliutoa tanuri saa moja asubuhi, na saa hiyo hiyo moja asubuhi ukaota ukungu, na wateja wamemsusa. Mjumbe wa kwanza akasema mkate ule ulikosa uzalendo. Mjumbe wa pili akasema la, tusiwe wakali kwa mkate, tatizo ni ukungu, ambao unaingia nchini bila kibali. Mwenyekiti akafunga mjadala kwa kuagiza waokaji wote waoke mikate iliyo tayari kusubiri. Karani wao akaandika kwamba kikao kilifunguliwa saa nne kamili na kufungwa saa nne kamili. Nilimwonea wivu, Mungu anisamehe. Mwandiko wake ulikuwa safi, na hapakuwa na jina hata moja la mchelewaji.

Mtu pekee Unyofu aliyejua muda ulivyokwenda alikuwa Bi. Sikudhani. Alisuka ukili, utepe wa kushonea mikeka, tangu asubuhi mpaka jioni, na vidole vyake havikushikwa na kulabu ya mtu. Siku moja, mumewe akiwa amelala, aliniambia kwa sauti ya chini: "Shemeji, ukili wa pima moja ni chungu kimoja cha maharage, tangu kuinjika mpaka kuiva. Mimi najua siku ikoje. Nanyamaza tu."

"Mzee anajua kwamba unajua?"

"Anajua. Ndiyo maana haniulizi."

Nilipokuwa na wiki ya tatu pale, Mzee Ngwali alianza kuvimba miguu. Kifua chake kilivuma kama mivukuto ya mhunzi, na usiku alilala ameketi. Daktari alikuja akamsikiliza, akamwandikia barua ya kupasuliwa Hospitali Kuu, Jumanne, saa nne asubuhi. Mlangoni alituambia, mimi na Bi. Sikudhani, kwamba moyo ule una siku moja ndani yake, na siku yenyewe ni hiyo Jumanne.

Bi. Sikudhani alitaka waende Jumapili wakalale nje ya mlango wa hospitali. Mzee Ngwali alikataa. Kuwahi kupita kiasi, alisema, ni kuitukana Ratiba. Ni kumwambia Mshika Saa kwamba humwamini. "Tutapanda ya saa mbili unusu," akasema. "Tutafika Kiungo saa tatu na dakika nne. Tuna muda wa kunywa na kahawa."

Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema, nami nilijipa moyo kwa msemo huo. Jumanne tulimpandisha behewani tukimshika huku na huku. Alikuwa amevaa kanzu yake nyeupe ya kazi. Treni ikapita mabonde yote vizuri, na Bi. Sikudhani akatoa kindu zake, majani ya kusukia, akaanza kusuka. Tulipoanza kuiona Kiungo, treni ikapunguza mwendo, ikasimama juu ya daraja la mwisho, hatua mia moja hivi kutoka jukwaani.

Kutoka dirishani niliiona saa ya Kiungo waziwazi. Ilisema saa tatu na dakika nne, na juu ya ngazi alikuwako mtu mwenye kulabu. Niliona pia kwamba jukwaani ilikuwako treni nyingine, imejaa watu, milango imefungwa, haiendi.

Kondakta akapita. "Abiria wapenzi, hatujachelewa," akatangaza, na abiria wakamshukuru.

Tukakaa. Jua lililokuwa upande wetu likapanda juu ya behewa. Bi. Sikudhani akasuka. Nikamwita kondakta nikamuuliza tunasubiri nini.

"Tunasubiri jukwaa liwe wazi."

"Na treni iliyopo jukwaani inasubiri nini?"

"Wakati wake wa kuondoka, bwana. Inaondoka saa tatu na dakika tano."

"Na saa inasubiri nini?"

Akanitazama kwa huruma. "Inatusubiri sisi, bwana. Sisi tunaingia saa tatu na dakika nne."

Nilitoa karatasi nikaichora ile hesabu, kwa kuwa akili yangu ilikataa kuimeza bila maandishi. Sisi hatuingii mpaka wale waondoke. Wale hawaondoki mpaka saa iende. Saa haiendi mpaka sisi tuingie. Nikamwonyesha. Akaisoma, akatikisa kichwa kwa kukubali, akanisifu mwandiko.

"Huwa inaishaje?" nikauliza.

"Huisha," akasema. "Mwaka wa mvua kubwa ilichukua kitambo. Lakini haikuchelewa."

Mzee Ngwali alikuwa amefumbua macho. Pumzi yake ilikuwa fupi, lakini kazi yake aliijua. Alitueleza, kama anayefundisha, kwamba dawa ni moja: Mshika Saa aiachie saa kwa dakika moja tu. Treni ya mbele itaondoka, yetu itaingia, na vitabuni itaandikwa kwamba tumechelewa dakika moja. Jambo hilo halijatendeka kwa miaka sitini.

Bi. Sikudhani aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye ukili. "Ungekuwa wewe juu ya ngazi ile, mzee, ungefanyaje?"

"Ningeshika."

"Na mimi nimo humu behewani, hali kama yako?"

"Ningeshika, Sikudhani." Alilisema hilo kwa upole kabisa, huku ameweka mkono wake juu ya goti la mkewe.

"Nilijua," akasema mwanamke yule, akaendelea kusuka.

Mimi sikuweza kuketi tena. Pembeni mwa daraja kulikuwa na ubao wa mafundi, upana wa unyayo, na chini yake bonde. Mgonjwa asingeweza kubebwa hapo hata na malaika. Nikamuuliza kondakta kama naweza kupita. Akafungua kitabu chake, akasema abiria anayeshuka kabla ya kufika ni mtoro na hufungwa, ila mgeni hayumo kwenye Ratiba, kwa hiyo akianguka au asianguke ni mamoja. Nikavua viatu, nikapita.

Mshika Saa wa Kiungo alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, jina lake Kidawa. Jukwaani watu walikuwa wamekaa kimya kimya juu ya mizigo yao. Kidawa alikuwa juu ya ngazi, mikono yote miwili kwenye kulabu, jasho likimtiririka mpaka viwikoni. Nilimweleza habari yote kutoka chini: mgonjwa ni nani, amebakiza nini, dakika moja itamfaa nini. Nilipotaja jina la Ngwali alishtuka nusura aanguke.

"Mwalimu wangu yumo ndani ya ile treni?"

"Yumo. Anakufa."

Akageuka kuitazama treni darajani. Kisha akasema: "Baba, yeye ndiye aliyenifundisha kazi hii. Siku ya kwanza aliniambia, Kidawa, atakuja mtu na kilio. Atakuja mwingine na mgonjwa, mwingine na uchungu wa kuzaa. Wote watakuomba dakika moja. Ukimpa mmoja umewapa wote, na hutakuwa na saa tena, utakuwa na sadaka. Tangu hapo wameshakuja wengi. Nimewakatalia wengi mno." Akafuta jasho begani. "Lakini yeye akisema, nitaachia. Nitafungwa, na nitaachia. Niletee neno lake tu."

Sijawahi kukimbia hivyo tangu utoto. Nilirudi juu ya ubao ule sitazami chini, nikaingia behewani, nikamkuta Mzee Ngwali midomo imekuwa ya rangi ya zambarau. Nikamwambia: neno moja, mzee. Sema aachie, na ataachia.

Akatikisa kichwa.

Nilimsihi. Nilimkasirikia pia, nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii mgonjwa. Akatikisa kichwa tena na kunionyesha ile saa kule nje. "Unaharakisha nini, karani? Ni saa tatu na dakika nne. Miadi yangu ni saa nne. Na daktari anafuata saa hiyo hiyo. Hata glavu hajavaa."

Hapo Bi. Sikudhani akasimama. Alichukua ukili aliousuka tangu tuondoke Matuta, akaunyoosha sakafuni kutoka miguuni pa mumewe. Ukafika mlango wa kwanza wa behewa. Ukageuka, ukarudi. Ukapita miguuni pake mara ya pili, ukafika mlango wa nyuma, na bado mkononi alikuwa na wa kuzidi. Abiria walijifanya hawaoni.

"Huu ndio umri wa dakika hii," akamwambia. "Nimeusuka mimi mwenyewe, kwa vidole hivi. Niambie nimesuka uongo."

Mzee Ngwali aliutazama ukili kwa kitambo kirefu, kutoka mlango hadi mlango. Nikaona uso wake ukibadilika, nikatamani nisingekuwapo. Nadhani aliwaona wote aliowakatalia, tangu mlangoni mpaka mlangoni. Akaanza kulia bila sauti, kwa kuwa hakuwa na pumzi ya kulilia.

"Mwambie aachie," akasema. "Mwambie Ngwali amesema."

Nikapita tena kwenye ubao. Miguu ilikuwa ikivuja damu na sikuhisi. Nilipofika chini ya ngazi nilipaza sauti: "Amesema uachie! Ngwali amesema!"

Kidawa alinitazama. Alilegeza vidole juu ya kulabu, na kwa kitambo kidogo niliamini kwamba ataachia. Kisha akauliza: "Amesema vipi?"

"Amesema, mwambie aachie. Mwambie Ngwali amesema."

"Alikuwa analia?"

Ningesema hapana. Nimelifikiria jambo hili tangu siku ile, na najua kwamba ningesema hapana, hadithi ingekuwa nyingine. Lakini mimi nimeandika mihutasari miaka thelathini na mmoja. Nikasema: "Ndiyo, alikuwa analia."

Akafumba macho. "Basi si yeye," akasema. "Hata hilo alinionya. Aliniambia, iko siku watakuja na jina langu, na pengine kwa kinywa changu, nami nitakuwa si mimi tena, ni maradhi. Siku hiyo ndiyo ushike zaidi." Machozi yakamtoka, akakaza kulabu. "Mwambie mwalimu nimeshika."

"Dada, kwetu tunasema kawia ufike!" nikapiga kelele. "Kawia ufike! Kuna aibu gani?"

Jukwaa zima likashtuka kana kwamba nimevua nguo. Mama mmoja alimziba mtoto wake masikio. Nakiri kwamba niliishika ile ngazi ili niitikise. Wanaume wawili wakanikamata mikono, bila ukali, kama watu wanaomtoa mlevi msibani, wakanirudisha mpaka kwenye ubao.

Niliporudi behewani, Mzee Ngwali alikuwa amekufa. Kichwa kilikuwa begani kwa mkewe, na macho yalikuwa wazi, yanatazama dirishani upande wa saa. Bi. Sikudhani hakuniuliza kitu. Aliiona saa, na saa ilikuwa haijaenda. Nikaketi mbele yake. Nilikuwa na uchungu ambao sijui kuuandika, na sehemu yake kubwa ilikuwa uchungu juu yangu mwenyewe.

Akanyoosha mkono amfumbe macho. Kondakta, aliyekuwa akipita, akaudaka mkono ule.

"Mama, tafadhali. Abiria yu hai."

"Amekufa," nikasema mimi. "Mtazame, bwana. Amekufa."

"Saa ngapi?" akauliza.

Nikautazama mkono wangu usio na saa.

"Sasa ni saa tatu na dakika nne," akasema kondakta, na wala hakuwa mtu mbaya, alieleza kwa subira. "Mtu hawezi kuwa hai na maiti katika dakika moja. Treni ikishaingia, saa ikaenda, atakufa kwa utaratibu, ataoshwa, atazikwa. Kwa sasa naomba abiria wote wahakikiwe." Akatoa fomu, akamwekea mjane mbele. Bi. Sikudhani hakuishika kalamu. Basi kondakta akanigeukia mimi.

"Wewe ni mgeni, huna upande. Nasikia kwenu ulikuwa karani."

"Nilikuwa karani."

"Sitaki uandike uongo. Nijibu swali moja. Saa ile ilipofika saa tatu na dakika nne, ulimwona mtu huyu?"

"Nilimwona."

"Alikuwa hai?"

Behewa zima lilikuwa likinisikiliza. Nilitafuta mahali pa kupenyea katika swali lile na sikupaona. Alikuwa hai, alikuwa akituambia tena habari ya kahawa.

"Alikuwa hai," nikasema.

"Basi andika hivyo hivyo, usizidishe, usipunguze."

Nikaandika. Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri, jina langu kamili na sahihi, kama nilivyoandika maisha yangu yote. Kondakta akapuliza wino ukauke, akaikunja fomu, akaipeleka Kiungo ili Mshika Saa apate kusomewa kwamba mwalimu wake yu hai na safari ni salama. Kutoka dirishani nilimwona Kidawa akisomewa. Nilimwona akinyoosha mgongo na kushika upya.

"Umeandika nini, shemeji?" Bi. Sikudhani akaniuliza.

"Nimeandika ukweli."

Alitikisa kichwa taratibu, si kwa kunilaumu; ingekuwa afadhali angenilaumu. Alivuta ncha ya kanga yake akamfunika mumewe uso, na chini ya kanga nikaona vidole vyake vikitafuta kope. Kondakta aliporudi, Bi. Sikudhani aliifunua, akayafungua yale macho kwa kidole gumba, ili abiria aonekane yu macho. Kondakta akapita. Mjane akayafumba tena. Nilikaa nikamwona akifanya hivyo mara tisa, na kila mara alimwomba radhi mumewe kwa kunong'ona.

Vivuli vya nguzo za daraja vilikuwa vimehamia upande wa pili wa bonde. Nikamwambia nitakaa naye mpaka mwisho, hata iweje.

"Mwisho upi?" akauliza. Akachukua kindu, akaunga ukili pale alipouachia, akaanza kusuka. "Nenda, shemeji. Wewe kwenu mnachelewa. Nenda."

Nikachukua viatu vyangu mkononi, nikaenda.